Chumvi ya Ma'rib na mikoko ya Rufiji: nani aingie hifadhini?



Siku hizi maneno "uchumi wa buluu" hayakosekani katika hotuba za viongozi wetu, Bara na Visiwani. Wananchi wanahimizwa kufuga samaki, kunenepesha kaa, kulima mwani na kufuga chaza. Sisi tulioko Busi, wilayani Kondoa, tuko mbali na bahari, na wengi wetu hatujawahi kuiona. Lakini wizara za uvuvi, misitu na mazingira ziko hapa mkoani kwetu Dodoma, na huko ndiko maamuzi kuhusu pwani yanakofanyika. Isitoshe, mali inayogawiwa ni ya umma, nasi ni katika umma huo. Kwa hiyo tumeona tulizungumze.

Kwanza tuwe wakweli: kufuga samaki ni kazi ya halali na yenye heri. Swali letu ni la mahali. Je, inafaa kumpa mtu mmoja leseni ya kuchimba mabwawa ndani ya hifadhi ambayo maelfu wanaitegemea?

Nchi yetu ilikwisha kujibu swali hili mara moja, na kidogo ilijibu vibaya. Katika miaka ya 1990 kampuni ya African Fishing Company, ya mwekezaji kutoka Ireland, iliomba kufuga kamba katika delta ya Rufiji, kwenye eneo la karibu hekta 10,000. Mikoko ya Rufiji ndiyo msitu mkubwa kuliko yote wa aina yake katika pwani ya Afrika Mashariki, na imekuwa hifadhi ya misitu tangu enzi za ukoloni. Wataalamu wa Baraza la Taifa la Mazingira (NEMC) walishauri mradi ukataliwe. Hata hivyo, mwaka 1997 Baraza la Mawaziri liliuidhinisha.

Wanakijiji wa delta, wengi wao Waislamu wenzetu, wanaishi kwa kuvua, kulima mpunga na kukata nguzo. Wao walijua jambo ambalo halikupewa uzito: kamba wa porini huzaliwa baharini, vifaranga vyao huingia kwenye mikoko kujificha na kukua, kisha hurudi baharini. Ukikata mikoko ili ufuge kamba, umebomoa nyumba ya kamba ambao Allah amewafuga bila gharama. Baadhi yao walikwenda Mahakama Kuu wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira, na waandishi wa habari wakalipaza jambo hilo. Alhamdulillah, mabwawa yale hayakujengwa. Mwaka 2004 Rufiji, Mafia na Kilwa ziliingizwa katika orodha ya ardhi oevu za Mkataba wa Ramsar.

Waliotangulia wenzetu hawakusalimika. Huko Bangladesh, mikoko ya Chakaria ilifyekwa karibu yote kwa ajili ya mabwawa ya kamba. Nchini India, uharibifu ulifikia hadi Mahakama ya Juu, mnamo Desemba 1996, ikaamuru mashamba ya kamba yaliyojengwa katika ukanda wa pwani unaolindwa yabomolewe. Katika nchi kadhaa za Asia, maradhi yaliingia mabwawani, wenye mitaji wakahama, na wenyeji wakabaki na ardhi ya chumvi isiyoota kitu.

Je, dini yetu inasemaje? Wapo wanaotumia hukumu ya kuhuisha ardhi mfu, kwamba anayeihuisha ni yake. Lakini mikoko si ardhi mfu. Ina samaki, kaa, kuni, asali na riziki za watu. Huwezi kuhuisha kilicho hai.

Hapa kisa cha Abyadh bin Hammal (radhi za Allah ziwe juu yake) kinatufaa sana. Alimwomba Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) apewe chumvi ya Ma'rib, Yemen, naye akampa. Alipoondoka, mtu mmoja aliyekuwapo akaeleza kwamba chumvi ile ni mfano wa maji yasiyokatika, kila mtu huichota. Mtume akairudisha. Kisa hiki kimepokewa na Abu Daud na Tirmidhi, na wanazuoni kama Ibn Qudama wameeleza kwamba manufaa yaliyo wazi, ambayo watu huyafikia bila taabu kubwa, hapewi mtu mmoja akawazuia wengine. Tazameni mambo mawili: leseni ilitolewa, kisha ikafutwa pale ukweli wa mahali ulipojulikana. Na aliyesema ukweli alisikilizwa.

Kuhusu hifadhi, Uislamu unayo hima. Sayyidna Umar (radhi za Allah ziwe juu yake) alimwagiza msimamizi wa hima awaruhusu kuingia wenye ngamia na kondoo wachache, na aizuie mifugo ya matajiri, hata Uthman na Abdurrahman bin Auf, maana hao wana mashamba ya kurudia, ilhali maskini mifugo yake ikifa hana pa kushika. Leo mara nyingi tunafanya kinyume chake: mama anayeokota kaa anafukuzwa kwa jina la hifadhi, na mwenye mtaji anafunguliwa lango kwa jina la maendeleo.

Sisi wa Kondoa tunalijua jambo hili kwa mwili wetu. Mwaka 1979, chini ya mradi wa HADO, mifugo iliondolewa katika maeneo yaliyoliwa na mmomonyoko. Majani yalirudi, na makorongo mengi yakatulia, hilo hatulikatai. Lakini kaya nyingi zilikosa maziwa na mbolea kwa miaka. Tulijifunza kwamba ardhi inahitaji kupumzishwa, na kwamba anayebeba gharama ya kuipumzisha asiwe mnyonge peke yake.

Kwa hiyo, hii si fatwa, bali ni nasaha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari ifanyike kabla ya mradi kuanza. Tathmini hiyo isomwe vijijini kwa Kiswahili, na ushauri wa wataalamu ukikataa, usifunikwe. Mabwawa makubwa yachimbwe nje ya mikoko. Ndani ya hifadhi watangulizwe wenyeji wenye vizimba vichache vya kaa na kamba za mwani, kwa masharti yanayolinda miti. Na leseni iliyotolewa kwa kutojua, ifutwe bila aibu. Mbora wa viumbe alirudisha chumvi. Waziri haoni haya kwa nini?

Tunamwomba Allah awape viongozi wetu masikio ya kusikiliza na atulinde na kula haki za wenzetu. Wallahu a'lam.