Mutanga si pambo la ukutani

Wasomi wengine hapa Kindu wanapenda kusema: babu zetu hawakuandika kitu. Sisi tunakataa. Balega walikuwa na mutanga: kamba yenye kufungwa vitu vidogo vingi, ganda la konokono, unyoya, mfupa, kipande cha mti. Kila kitu kinabeba methali. Mwenye kujua anashika kitu, anasema neno lake, wengine wanajibu. Kama ile si kusoma, ni nini basi?

Mwaka 1965 Mmarekani Joseph Kosuth aliweka kiti, picha yake, na maana ya neno kiti toka kamusi. Mwaka ule ule Roman Opalka, Mpolandi, alianza kuchora namba, 1, 2, 3, hata akafa mwaka 2011. Wakasifiwa, na ni haki yao. Lakini kitu na neno vilikwisha kuoana katika bwami zamani, ile bwami Wabelgiji waliikataza mwaka 1933.

Sanamu zake ziko Tervuren, nyuma ya vioo. Mgeni anatazama umbo. Methali zilibaki Pangi kwa wazee, na wazee wanakwisha. Ninyi walimu wenzetu mnaofundisha majina ya wachoraji wa Paris, mutakwenda Pangi lini na daftari?