Majogoo ya Mbegu Yapimwe Kwanza

Mfugaji wa Unguja na Pemba hachagui rangi ya kuku kwa ajili ya pambo. Kifaranga mweupe huonekana upesi na mwewe na kunguru. Mwenye madoadoa ya kahawia hujificha majanini. Basi ana haki ya kushangaa jogoo mwekundu na tetea wa kahawia wanapomzalia vifaranga weupe.

Hapana uchawi hapo. Upo weupe unaojificha: kuku aliyeurithi kwa mzazi mmoja tu hubaki na rangi yake kamili, lakini wakikutana wawili wenye kuubeba, kwa wastani kifaranga 1 katika kila 4 hutoka mweupe. Jicho la bwana mifugo, hata liwe kali namna gani, haliuoni. William Bateson alikwisha kuonyesha mwaka 1902 kwamba kuku nao hufuata kanuni za urithi za Mendel. Leo maabara huisoma chembe yenyewe ya urithi katika unyoya au tone la damu.

Kwa hiyo tunaona kwamba majogoo yanayogawiwa wananchi ili kuboresha mbegu yapimwe kwanza. Hatusemi kila kuku wa uani apelekwe maabara. Huo ungekuwa ubadhirifu, na fedha za chanjo ya kideri zisiguswe kwa sababu ya rangi. Lakini jogoo mmoja hupanda matetea mengi, na alichokificha huenea kijiji kizima. Wahusika walipange jambo hili kabla majogoo hayajagawiwa, na gharama aibebe mwenye kugawa, si mwenye kupokea.