Muuguzi wa Figo na Mzigo wa Maneno

Katika magazeti na hata katika mazungumzo ya kila siku nchini Kenya, mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kufanya kazi husemekana kwamba anakwenda "kusafishwa figo". Usemi huu umekita mizizi. Hata hivyo, figo haisafishwi. Kinachosafishwa ni damu, ambayo hutolewa mwilini kwa mrija, ikapitishwa katika chujio la mashine, kisha ikarudishwa. Figo zenyewe husalia zilivyo. Na anayelipia kosa hili la kimsamiati si mwanaisimu, bali ni mgonjwa pamoja na muuguzi wake.

Mtu aliyeambiwa kuwa figo zake zitasafishwa ana kila sababu ya kutarajia kwamba zitatakata, naye arejee shambani. Baada ya vikao vichache, uvimbe wa miguu ukishapungua na pumzi zikishatulia, hujiona amepona. Akiacha, sumu na maji hurundikana upya. Potasiamu ikizidi katika damu, moyo waweza kusimama ghafla. Hivyo basi muuguzi hulazimika kuutamka ukweli mchungu: tiba hii kwa wengi haina kikomo, isipokuwa wapandikizwe figo nyingine.

Kazi ya mikono, aghalabu, ndiyo inayoonekana. Kikao kimoja huchukua takriban saa nne, na katika muda huo shinikizo la damu laweza kushuka au misuli ikakakamaa. Lakini kazi ya ulimi ni nzito vilevile. Muuguzi humpima mgonjwa uzito kabla ya kumuunganisha, akakuta ameongeza kilo kadhaa za maji. Mgonjwa huapa kwamba hakunywa maji. Ni kweli, hakunywa maji. Alikunywa chai, uji na mchuzi. (Kumwomba Mkenya apunguze chai si jambo dogo.) Kisha huja suala la ndizi, parachichi na maharagwe, yaani vyakula vilevile ambavyo kliniki nyingine huvisifu kutwa kucha. Bila maelezo yanayoeleweka, katazo hilo huonekana kama ukatili.

Mnamo mwaka wa 2015, serikali ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu, na hospitali nyingi za kaunti zikapata mashine za kusafishia damu. Lilikuwa jambo jema. Ila muuguzi aliyesomea tiba ya figo hakodishwi. Hufunzwa kwa miaka.

Wanaodumu katika kazi hii wana malipo yao. Mgonjwa aliyeingia akisukumwa kwa kiti cha magurudumu hurudi akitembea. Kwa kuwa huja mara mbili kwa wiki, mwaka baada ya mwaka, muuguzi humfahamu hadi wajukuu wake, na akinyamaza ghafla katikati ya utani, muuguzi hukimbilia kumpima shinikizo la damu. Uchungu nao hutokana na ukaribu uo huo: kiti cha marehemu hupewa mwingine kabla ya matanga kwisha.

Vyama vya Kiswahili vyuoni vimejishughulisha mno na istilahi za kompyuta. Vingefanya vyema kutuma wanafunzi wawili watatu katika chumba hiki kwa asubuhi moja, wasikilize namna muuguzi anavyomweleza mkulima maana ya potasiamu, nao wayaandike maneno hayo.