Masomo Yasiyo na Darasa

Mezani petu mwezi huu kuna barua ya dada mmoja, mwalimu wa sekondari na mama wa watoto watatu. Amepata nafasi chuo kikuu kusomea shahada ya uzamili kwa njia ya utafiti. Mumewe hakumkatalia. Alifurahi, hata akamnunulia begi la vitabu. Lakini alipoelezwa kwamba masomo hayo hayana vipindi vya darasani, baba watoto alisema: "Kumbe utakuwa nyumbani tu! Basi na huyu msichana wa kazi tumrudishe kwao, tuokoe fedha." Dada yetu anatuuliza, amjibu nini?

Tulipoisoma barua hiyo tulicheka, kisha tukanyamaza, maana maneno kama hayo tuliwahi kuambiwa sisi wenyewe. Na tunajua kwamba wako akina mama wengi ambao tasnifu zao zimelala sandukuni kwa sababu ya neno hilo moja: "uko nyumbani tu."

Ni masomo ya namna gani?

Shahada ya uzamili ni ile inayofuata shahada ya kwanza. Katika vyuo vyetu husomwa hasa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya kozi na tasnifu. Mwanafunzi huhudhuria vipindi, hufanya mitihani, na mwishoni huandika tasnifu fupi. Njia ya pili ni ya utafiti peke yake. Hapo hakuna kengele wala ratiba ya mihadhara. Mwanafunzi hupewa msimamizi, hutafuta swali ambalo bado halijajibiwa vya kutosha, huandika pendekezo la utafiti, huomba vibali, hukusanya data na kuzichambua, kisha huandika tasnifu ndefu inayosomwa na watahini wa ndani na wa nje ya chuo. Watahini hao wanaweza kuipitisha, kuipitisha kwa masahihisho, kuirudisha iandikwe upya, au kuikataa.

Sasa fikirini, akina mama. Mtu anayekwenda darasani huonekana akiondoka. Anavaa viatu, anabeba begi, anapanda daladala, na nyumba nzima inajua kwamba mama hayupo mpaka jioni. Mwanafunzi wa utafiti amekaa mezani, ametulia, anaangalia karatasi. Wifi akipita atasema, "Kwa kuwa umekaa, nishikie mtoto kidogo." Jirani ataomba asaidiwe kuchambua mchele. Hakuna mwenye nia mbaya. Kazi yenyewe haionekani, na kazi isiyoonekana haiheshimiwi.

Tupige hesabu

Basi na tuionyeshe kwa hesabu. Katika mfumo wa vyuo vikuu vya Tanzania, shahada ya uzamili haipungui krediti 180, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Jumla ni saa 1,800. Mama akiweza kuketi saa 2 kila usiku, siku 5 kwa wiki, atapata saa 10. Kwa mwendo huo atahitaji wiki 180, yaani karibu miaka mitatu na nusu, na hapo hatujahesabu mtoto kuugua, msiba wala sikukuu. Akipata saa 20 kwa wiki, zitamtosha wiki 90, ambazo hazifiki miaka miwili.

Kwa hiyo mara nyingi mama anayekwama hajapungukiwa na akili. Amepungukiwa na zile saa 10 za ziada kwa wiki. Nazo hazitoki mbinguni. Zitatoka katika usingizi wake, au katika kazi za nyumbani, au katika mazoezi ya kwaya, au katika saa za kupumzika za baba watoto. Zikitoka zote katika usingizi, mama ataanguka kabla ya kazi kwisha. Hilo ndilo jambo la kuzungumza nyumbani kabla ya kulipa ada ya kwanza.

Yaliyotupata sisi

Tulipoanza masomo hayo, kifungua mimba alikuwa darasa la tatu na mdogo wake alikuwa bado ananyonya. Tulikwenda kwa msimamizi tukiwa na mada kubwa: lishe ya watoto wadogo nchini. Mzee yule akavua miwani, akatutazama, akasema, "Mama, hilo si swali. Hilo ni bahari." Ilituchukua miezi minne kuipunguza bahari hiyo iwe kisima. Mwishowe tuliuliza hivi: katika kijiji kimoja, wakati wa msimu wa kulima, mama anapotoka alfajiri na kurudi jioni, mtoto wa miezi 6 hadi 12 anakula nini, na nani anayemlisha? Swali lilikuwa dogo, lakini lilikuwa linajibika.

Kisha vikaja vibali. Utafiti unaogusa afya za watu huhitaji kibali cha maadili kabla ya kumhoji hata mtu mmoja. Kulikuwa pia na barua ya chuo ya kupeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, kisha ya wilaya, kisha kwa watendaji wa kata na kijiji. Sisi hatukulijua hilo mapema. Tulidhani barua ni kitu cha wiki moja. Tulipofika kijijini na karatasi zote mkononi, majembe yalikuwa yamekwisha kurudishwa darini. Msimu ulikuwa umepita, na swali letu lilihusu msimu. Ikabidi tungoje mwaka mzima, na ada ya mwaka mwingine tukalipa.

Mwaka ule ndio uliotaka kutumaliza. Msimamizi naye alikaa na sura yetu moja kwa miezi miwili, nasi tukaona haya kumkumbusha mtu mzima. Karatasi tulizitia sandukuni chini ya kitanda. Kwanza tulisema tutazitoa wiki ijayo, halafu mwezi ujao. Watu waliacha kutuuliza habari za masomo, nasi tukashukuru kwamba hawaulizi. Tulikuwa tumeacha chuo bila kumwambia mtu, hata sisi wenyewe.

Aliyetutoa hapo ni mama mkwe, ambaye hakuwahi kukaa darasani. Alikuja kututembelea, na usiku mmoja akataka kujua zile karatasi tulizokuwa tumezifuata chuoni zilikuwa na habari gani. Tukamsomea swali letu. Akacheka. "Hilo nalijua," akasema. "Nikienda kupalilia, mdogo alibaki na dada yake wa miaka minane. Uji niliupika mwepesi kama maji, kwa sababu ukiwa mzito mtoto mlezi hawezi kumlisha mwenzake, humpalia."

Tulikaa kimya. Katika vitabu tulivyokuwa tumesoma, uji mwepesi uliandikwa kuwa ni kosa la mama asiyejua lishe. Ni kweli kwamba uji mwepesi haumpi mtoto nguvu za kutosha, maana tumbo lake ni dogo na linajaa maji tu. Lakini huyu mama alijua. Aliufanya mwepesi makusudi, kwa kuwa mlezi aliyekuwapo alikuwa mtoto. Basi somo la lishe peke yake lingemsaidia nini mama wa namna hiyo, ikiwa hana mtu mzima wa kumwachia mtoto?

Usiku uleule tulifungua sanduku. Hojaji yetu tuliiandika upya, tukaongeza maswali juu ya mlezi. Msimu uliofuata mama mkwe alikuja kukaa na watoto wiki tatu, nasi tukaenda kijijini. Tasnifu ilirudi kutoka kwa watahini ikiwa na masahihisho ya kurasa sita. Tuliyafanya, tukahitimu. Yule ambaye hakukaa darasani alikaa mstari wa mbele siku ya mahafali.

Mambo ya kupatana kabla ya kuanza

Kutokana na hayo, tunawapa akina mama ushauri huu.

Kwanza, saa. Ziandikeni na kuzibandika ukutani, pale inapobandikwa ratiba ya shule ya watoto. Saa zisizoandikwa zitachukuliwa na kila mgeni.

Pili, mahali. Kama nyumba ni ndogo, tafuteni maktaba, ofisi ya kanisa, au darasa tupu siku ya Jumamosi. Mama akitoka na begi, hata kama anakwenda hatua mia, kazi yake huanza kuonekana.

Tatu, swali. Mtu akiuliza mnatafiti nini, muweze kumjibu kwa sentensi moja ambayo hata mama mkwe ataielewa. Msipoweza, swali bado ni bahari.

Nne, vibali. Ulizeni tangu mwezi wa kwanza ni barua zipi zinazotakiwa na huchukua muda gani, hasa kama kazi yenu inafuata msimu wa mvua, mavuno au mihula ya shule.

Tano, msimamizi. Msitoke ofisini kwake bila tarehe ya kukutana tena. Akinyamaza, mwandikieni ujumbe mfupi wa adabu kila baada ya wiki mbili. Kumkumbusha si kumkosea heshima, na msimamizi mwema hushukuru.

Sita, fedha. Mbali na ada kuna nauli, uchapaji, karatasi, na kujalidi tasnifu. Hesabuni pia mwaka mmoja wa ziada, hata kama mnaomba usihitajike. Na kazi yote iwekeni katika sehemu tatu tofauti, maana kompyuta huharibika na simu huibiwa.

Tena tuseme ukweli mmoja. Kama mnachotafuta ni cheti cha kupandishwa daraja upesi, njia ya kozi yaweza kuwafaa zaidi, kwa sababu ratiba ya chuo itawasukuma. Njia ya utafiti inamfaa mama mwenye swali linalomnyima usingizi, na anayeweza kujisukuma mwenyewe.

Minong'ono

Tunaijua minong'ono: mke akisoma sana hatatawalika. Wengine hutoa mfano wa Wangari Maathai wa Kenya. Huyu alipata shahada yake ya uzamili katika sayansi ya viumbe huko Pittsburgh, Marekani, mwaka 1966. Mwaka 1971, akiwa mke na mama, alipata uzamivu wake Nairobi, wa kwanza kwa mwanamke wa Afrika Mashariki na Kati. Dunia ilimjua baadaye kwa miti, na Tuzo ya Nobel ya Amani akaipokea mwaka 2004. Ni kweli pia kwamba ndoa yake ilivunjika katika miaka ya 1970. Si kazi ya ukurasa huu kuhukumu ndoa ya mtu. Tunalosema ni kwamba ndoa huvunjika katika nyumba za wasomi na za wasiosoma, na kwamba kilichokaribia kutugombanisha sisi na baba watoto hakikuwa vitabu. Ni ile hali ya kila mmoja kukadiria saa za mwenzake bila kumuuliza. Siku tulipoketi na kuziandika, ugomvi ulipungua.

Kwa dada yetu

Sasa turudi kwenye barua. Dada yetu mpendwa, usimjibu mumeo kwa hasira, maana mtu aliyekununulia begi si adui wa masomo yako. Subiri jioni watoto wamelala. Chukua kalamu na karatasi, andika juu kabisa namba 1,800, kisha mwambie, "Baba, hizi ndizo saa ninazodaiwa na chuo. Nisaidie kuzitafuta." Mwache yeye agawanye. Mwanamume anayeambiwa "unanionea" hujitetea, lakini anayepewa hesabu aifanye huifanya. Akifika kwenye wiki 180 ataona mwenyewe kama ni busara kumrudisha msichana wa kazi kwao.

Na huyo binti naye msimsahau. Saa zako za kusoma zinatoka mikononi mwake. Alipwe kwa wakati, apumzike siku yake, na kama naye ana hamu ya kusoma, asikae nyumbani mwa mwalimu miaka mitatu na nusu akatoka kama alivyoingia.

Tuandikie ukishaifanya hesabu hiyo. Na ninyi wengine mliozitia karatasi sandukuni, mwezi huu zitoeni mzipige vumbi, mlisome swali lenu mbele ya mtu mmoja wa nyumbani. Huenda jibu limekaa jikoni linachambua mboga.