Yafaa Tujue Barua Iliandikiwa Nani

Wasomaji wenzangu, na hasa ninyi wazazi mtakaolipata gazeti hili vijana watakapofika nyumbani kwa likizo, naomba nafasi niseme jambo lililonikaa moyoni tangu muhula uliopita. Si jambo la michezo wala la mitihani. Ni namna tunavyoisoma Biblia hapa shuleni, sisi tulio Wakristo. Lakini nadhani hata wenzetu Waislamu hawatapoteza kitu wakinisikiliza, maana mmoja wao ndiye aliyenifungua macho, kama nitakavyoeleza.

Katika bweni letu yuko ndugu mmoja, jina lake silitaji, ambaye hajashiriki Meza ya Bwana tangu tulipokuwa Kidato cha Pili. Si kwamba ameiacha imani. Kila Jumapili huvaa shati safi, huimba vizuri kuliko wengi wetu, na wakati wa Meza ukifika hubaki peke yake katika benchi, akitazama chini. Mwaka ule alitujia mhubiri mgeni. Akatusomea mstari mmoja wa Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho, sura ya 11, ule wenye habari ya mtu alaye mkate na kunywa kikombe isivyostahili. Akaruka mpaka ule unaotaja wagonjwa na waliokufa, kisha akafunga kitabu. Akasema mwenye dhambi yoyote moyoni akikaribia Meza, magonjwa yatamfuata.

Juma lile lile ndugu yetu, aliyekuwa ameshiriki, akashikwa na homa. Aliificha siku tatu, akitetemeka chini ya blanketi, kwa kuwa aliamini kwamba ni adhabu, na adhabu haina dawa. Mwalimu wa zamu alipomgundua akampeleka zahanati, akapimwa, ikaonekana ni malaria. Mwili ulipona. Hofu haikupona. Baadaye nilimwuliza ni dhambi gani hiyo kubwa aliyoifanya. Akanijibu kwamba alikuwa amenakili zoezi la hesabu la mwenzake. Nilitaka kucheka, lakini nilipomtazama usoni kicheko kiliniisha.

Muhula uliopita nilimsimulia habari hizi rafiki yangu Mwislamu tulipokuwa tukifua nguo. Hakubishana nami. Aliniuliza tu, "Barua hiyo waliandikiwa kina nani, na walikuwa wamefanya nini?" Akaniambia kwamba kwao wanavyuoni wana elimu nzima juu ya sababu za kushuka kwa aya, na kwamba mwalimu wake wa chuoni hakumruhusu mtu kufasiri aya kabla ya kuuliza ilishuka kwa jambo gani. Niliona haya. Nimesoma Maarifa ya Biblia miaka minne, nami nazijua sura na mistari kama ninavyozijua kanuni za fizikia, lakini swali lile sikuweza kulijibu.

Basi nikaenda maktaba, na mwalimu wetu wa historia akanisaidia sana. Haya ndiyo niliyoyapata.

Korintho ulikuwa mji wa Wayunani uliobomolewa na Warumi mwaka 146 kabla ya Kristo. Ulikaa gofu karibu miaka mia, hata Julius Caesar alipouanzisha upya mwaka 44 kabla ya Kristo, akawapeleka huko watu wengi waliokuwa watumwa na kuachwa huru. Mji wenyewe ulikuwa karibu na shingo nyembamba ya nchi, una bandari mbili, moja upande wa magharibi na nyingine upande wa mashariki, na mizigo ilivushwa kati ya bahari hizi mbili. (Siku hizi pana mfereji wa meli, uliofunguliwa mwaka 1893.) Kwa hiyo ulikuwa mji wa biashara na fedha mpya: mtu aliyezaliwa mtumwa aliweza kuwa tajiri, na tajiri wa namna hiyo hupenda sana watu waone kwamba amefika. Paulo alikaa mjini humo mwaka mmoja na nusu, kama tusomavyo katika Matendo ya Mitume sura ya 18, na humo twasoma alivyoshitakiwa mbele ya liwali Galio. Huyu Galio si mtu wa hadithi. Jina lake limekutwa katika jiwe lenye maandishi huko Delphi, na kwa jiwe hilo wataalamu wanajua kwamba alikuwa liwali yapata mwaka 51 au 52. Miaka michache baadaye Paulo, akiwa Efeso, aliletewa habari za kanisa lile, akaandika.

Ni habari gani zilizomchukiza? Hapa ndipo yatupasa kusoma sura ya 11 kuanzia mstari wa 17, wala si kuanzia wa 27. Wakristo wale hawakuwa na majengo ya kanisa. Walikutana nyumbani kwa mtu mwenye nafasi, na Chakula cha Bwana hakikuwa kipande kidogo cha mkate kama chetu. Kilikuwa ndani ya karamu nzima ya jioni. Matajiri walifika mapema na vyakula vyao, wakala, wakanywa hata kulewa. Watumwa na vibarua walichelewa. Jumapili haikuwa siku ya mapumziko. Amri ya kwanza ya kuipumzisha ilitolewa na Kaisari Konstantino mwaka 321, karibu miaka mia tatu baadaye. Kwa hiyo mtumwa alifika bwana wake alipomruhusu, akiwa na njaa, akakuta mifupa.

Tena nyumba zenyewe zilisaidia ubaya huu. Chumba cha kulia cha Kirumi kwa desturi kilikuwa na makochi matatu, kila kochi watu watatu wakijinyoosha, jumla watu tisa. Wageni wengine walikaa nje, katika ukumbi wa katikati. Wataalamu wengi wanadhani ndivyo ilivyokuwa Korintho: wateule tisa ndani, na ndugu wengine nje wakisikia harufu. Wala wenyeji wa zama zile hawakuona ajabu. Mrumi mmoja, Pliny Mdogo, asiyekuwa Mkristo, aliandika mwishoni mwa karne ya kwanza jinsi alivyokula kwa mtu aliyeweka mvinyo wa daraja tatu: mmoja wake na wageni wakubwa, wa pili wa marafiki wadogo, wa tatu wa watumwa walioachwa huru. Pliny alichukizwa, akasema yeye kwake huwapa wote sawasawa. Lakini kuchukizwa kwake kwatuonyesha kwamba desturi ilikuwapo.

Hilo ndilo kosa ambalo Paulo aliliita kula isivyostahili. Naomba walimu wa Kiswahili wanisahihishe nikikosea, lakini katika Biblia yetu ya Union, ile ya mwaka 1952, neno hilo lina "vyo" ndani yake. Silo neno la kueleza mtu alivyo. Ni neno la kueleza namna ya kutenda, kama vile "amevaa isivyopasa". Nimesoma kwamba hata katika Kiyunani neno hilo ni kielezi. Basi Paulo hakusema kwamba asiyestahili asile. Kama ndivyo, nani angekula? Alisema wasile kwa namna ile ya aibu, mmoja ameshiba na mwenzake ana njaa. Na dawa aliyoitoa mwisho wa sura si kwamba watu wabaki katika benchi. Aliwaambia wangojane.

Liko jambo jingine lililonistaajabisha. Waraka huu, kama wasemavyo wataalamu wengi, ni wa zamani kuliko Injili zote nne. Maana yake ni kwamba habari ya kale kuliko zote tuliyo nayo kwa maandishi juu ya usiku ule wa Karamu ya mwisho imeandikwa kwa sababu watu waligombana juu ya chakula. Paulo aliwakumbusha Bwana alivyofanya usiku ule kusudi waone aibu kwa walivyofanya wao. Baada ya muda karamu na sakramenti zilitengana. Justino Shahidi, aliyeandika huko Roma yapata mwaka 155, ataja mkate, na divai iliyochanganywa na maji, na mchango wa yatima na wajane; karamu ya kushiba haitaji. Tangu hapo imekuwa vigumu kwetu kuelewa mtu angewezaje kulewa kanisani, nasi tumeijaza nafasi hiyo kwa hofu zetu wenyewe.

Sasa niseme la kwangu, ingawa lanichoma. Mimi nina tranka. Mama hunitilia karanga, sukari, maziwa ya unga na dagaa wa kukaanga. Usiku taa zikizimwa, mimi na wenzangu watatu, ambao pia wana vitu, huketi kitandani kwangu na kula kimya kimya. Ndugu yetu niliyemtaja hulala kitanda cha juu, juu kabisa ya vichwa vyetu. Kwao hali ni ngumu, hana tranka la chakula, na ugali na maharage ya bwaloni ndivyo vyote alivyo navyo hata asubuhi. Hajapata kuomba, wala sisi hatujapata kumwita. Na kila Jumapili ya Meza sisi wanne tulikwenda mbele kwa dhamiri safi, na yeye alibaki nyuma akijihukumu kwa zoezi la hesabu. Kama Paulo angeingia bweni letu, nadhani asingemwendea yeye.

Wako watakaosema kwamba historia huleta shaka, na kwamba Neno la Mungu latosha peke yake. Mzee mmoja wa kanisa nyumbani ameniambia hivyo kwa upole, nami namheshimu. Lakini walioliandika Neno ndio walioweka historia ndani yake. Luka, katika sura ya tatu, asema ni mwaka wa ngapi wa Kaisari Tiberio na ni nani waliokuwa watawala. Hata Imani tuikiriyo yamtaja Pontio Pilato, mtu wa serikali aliyekuwa na cheo chake na mahali pake. Na mwaka 1961 huko Kaisaria lilifukuliwa jiwe lenye jina lake. Wangetaka tusijali nyakati na mahali, wasingetupa majina haya.

Baba yangu aliuliza jambo zito zaidi: je, kijana akiambiwa hivi hataiendea Meza kwa mchezo? Nalifikiri sana swali hilo. Ni kweli kwamba Paulo ataka kila mtu ajihoji. Hofu haikuondoka, imehama mahali. Kwangu mimi imezidi. Zamani nilijihoji upesi kama nimesema uongo au nimetazama kitabu cha mwenzangu, nikamaliza. Sasa nalazimika kujihoji juu ya tranka, na hapo sipiti upesi.

Tena sisemi kwamba historia yajibu yote. Paulo alaumu wasioupambanua mwili. Je, ni mwili wa Bwana katika mkate, au ni kanisa, ambalo sura ya 12 yaliita mwili wenye viungo vingi? Katika darasa letu wamo Wakatoliki, Walutheri, Waanglikana na Wapentekoste, na tulibishana juu ya jambo hilo mpaka kengele ikalia. Jiwe la Delphi haliwezi kutuamulia. Lakini angalau tulibishana juu ya yale Paulo aliyoyaandika, wala si juu ya vipande viwili vilivyokatwa na mhubiri mwenye haraka. Kwa habari ya ugonjwa, Paulo hakika aliuunganisha na makosa ya kanisa lile, nami sitaki kuufuta mstari huo. Lakini kuutwaa na kumwekea mtoto mmoja mwenye malaria, asiyejua hata Korintho iko wapi, naona ni kumdhulumu yeye na Paulo pia.

Maoni yangu ni haya. Kila mwenye kutuongoza katika ibada, awe mgeni au mwanafunzi, asituletee mstari pasipo sura nzima, na kabla ya kufasiri atuambie barua ilitoka wapi, ilikwenda wapi na kwa shida gani. Dakika kumi zatosha. Mwalimu wa historia amekubali kutuazima ramani ya dola ya Kirumi muhula ujao, tuitundike katika chumba tunachokutania. Mwenye kitabu chochote cha habari za nchi na desturi za Biblia tunamwomba akiache maktaba, tutakirudisha salama.

Ndugu yetu nimemsomea haya yote kabla ya kuyaleta kwa mhariri, naye ameniruhusu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aisome sura mwenyewe. Jumapili iliyofuata alibaki tena katika benchi. Nilipomwuliza alisema bado anafikiri. Usiku ule tulikuwa watano kitandani kwangu, na dagaa walikwisha mapema.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne