Mtandao wa Nyumbani: Tuache Kununua Kila Mtu Kivyake



Wapendwa wanaparokia, juma hili hatuandiki juu ya zaka wala juu ya mnara wa kengele, na bila shaka wengi mtatushukuru. Tunaandika juu ya jambo ambalo baadhi yenu mtasema halimhusu padre, yaani gharama ya intaneti majumbani mwetu.

Hatuna budi kuanza kwa kukiri kosa. Mwaka jana tuliweka neno la siri katika mtandao wa ofisi ya parokia. Sababu tulizotoa zilionekana nzuri: vijana walikuwa wakikaa chini ya ukuta wetu hadi saa tatu usiku, wakiacha maganda ya miwa na chupa tupu, na katibu akilalamika kwamba hawezi kutuma barua jimboni. Miezi miwili baadaye alitujia binti mmoja wa kwaya akiwa na machozi. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu hufanyika mtandaoni, naye alikuwa akiyajaza kidogo kidogo kwa bando la siku. Kila alipofika mahali pa kupakia vyeti, bando lilikwisha. Siku ya mwisho ikampita. Alitueleza kwa upole, bila kutulaumu, kwamba hapo awali alikuwa akija kukaa ukutani. Hatukuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumehubiri mara nyingi juu ya Lazaro langoni pa tajiri, tukidhani lango hilo liko mbali.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukiuliza bei, na tuliyoyaona yanatusikitisha. Anayenunua mafuta ya kula gengeni kwa kipimo kidogo hulipa zaidi kwa kila lita kuliko mwenye uwezo wa kubeba dumu zima. Ndivyo ilivyo kwa intaneti. Mama anayeuza maandazi hununua bando la saa 24, nalo likiisha hununua jingine, na mwisho wa mwezi, akijumlisha vocha zake na za watoto wake, hukuta amekaribia au hata kupita bei ya huduma ya mwezi mzima iliyofungwa nyumbani. Lakini huduma hiyo hudai fedha zote kwa mkupuo, pamoja na gharama ya kufungiwa kifaa, nazo hazimo mkononi mwake kwa wakati mmoja.

Wazee mtakumbuka kwamba kabla ya mwaka 2009 sehemu kubwa ya mawasiliano yetu ya intaneti na ulimwengu ilipitia setilaiti, kwa bei ya kutisha. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulianza kazi, ukitua Dar es Salaam, na mwaka 2010 ukafuata ule wa EASSy. Kisha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukasambazwa mikoani. Basi kwa nini mtaa wetu bado unahangaika? Kwa sababu kikwazo kikubwa kimebaki katika zile mita mia chache kutoka barabara kuu hadi sebuleni. Kusimamisha nguzo na kuvuta waya kuna gharama, na kampuni huuliza kwanza: nyumba ngapi zitalipa? Mtu mmoja akienda kuomba peke yake huambiwa asubiri, na tunawajua waliosubiri tangu Kwaresima iliyopita.

Hapa ndipo tunapotoa maoni yetu bila kuzunguka. Tunazo jumuiya ndogo ndogo za Kikristo. Zinajua kila nyumba ya mtaa, zinakusanya michango ya msiba kwa siku moja. Kwa nini jumuiya isipeleke ombi moja lenye majina ya kaya 20 au 30, Wakatoliki na majirani wasio Wakatoliki, Waislamu na wengineo? Angalieni, hatusemi mmoja anunue kisha awauzie wenzake. Kuuza huduma ya mawasiliano kunahitaji leseni, na mikataba mingi inakataza. Kila kaya iwe na mkataba wake, ila sauti iwe moja.

Aidha, mkataba usomwe kabla ya kusainiwa. Neno dogo lenye hila kubwa ni "hadi". Kasi ya "hadi megabiti 10 kwa sekunde" ni kasi ya juu kabisa, na si ahadi ya kila jioni, kwa maana njia hiyo huwa mnaitumia pamoja na mtaa mzima. Na megabiti si megabaiti: baiti moja ni biti 8, hivyo faili la gigabaiti 1 kwa kasi hiyo litachukua zaidi ya dakika 13, wala si chini ya dakika 2 kama muuzaji alivyomwambia mwalimu mmoja wa katekesi. Ulizeni pia kasi ya kupakia, ambayo matangazo huitaja kwa nadra. Binti yetu wa kwaya alikwama hapo hapo. Na mkiambiwa "bila kikomo", ulizeni ni baada ya gigabaiti ngapi kasi itapunguzwa.

Kuhusu uhakika wa huduma, hakuna wa kuahidi mbingu. Tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu baharini, na nchi yetu ikawa miongoni mwa zilizoathirika sana. Ilikuwa Jumapili, Sherehe ya Kupaa Bwana, tena Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni! Wagonjwa waliozoea kufuata Misa kwa simu walibaki na rozari zao, na pengine hawakupungukiwa kitu. Wengine wanaitazamia setilaiti mpya. Nchini Kenya Starlink ilianza Julai 2023, lakini Novemba 2024 ilisimamisha kwa muda kupokea wateja wapya wa Nairobi kwa kuwa nafasi ilikuwa imejaa. Kumbe hata angani kuna foleni.

Wapo wazazi watakaotuambia: Baba, mnatuletea picha chafu na kamari hadi sebuleni. Hofu hiyo hatuidharau. Tunaisikia pia kitubioni. Lakini vitu hivyo vimekwisha kuingia, kwa bando la shilingi mia tano, chini ya blanketi, saa sita usiku. Mtandao wa nyumba una kifaa kinachoweza kuzimwa saa nne na baba au mama, na kompyuta iliyo mezani huonekana na wote. Papa Fransisko, katika ujumbe wake wa mwaka 2014 kwa siku hiyo ya upashanaji habari, aliutaja mtandao kuwa zawadi itokayo kwa Mungu. Zawadi huhitaji malezi, na malezi ni kazi ya wazazi; kampuni haitawafanyia.

Nasi tumeanza na letu. Halmashauri Walei imekubali, ingawa mwenyekiti alipinga hadi dakika ya mwisho na bado ana wasiwasi juu ya maganda ya miwa, kwamba ukumbi ufunguliwe saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku, Jumatatu hadi Ijumaa, na mtandao uwe wazi kwa wanafunzi na wenye maombi ya kujaza. Viti vipo, taa ipo, mlinzi yupo.

Jumapili ijayo baada ya Misa ya pili tunawaomba viongozi wa jumuiya wabaki. Kila mmoja aje na orodha ya kaya za mtaa wake, na kiasi ambacho kila kaya ilitumia kwa vocha mwezi uliopita. Binti yetu amekubali kuandika hesabu hizo. Anangoja dirisha la maombi la mwaka ujao.

Paroko wenu