Gambuti si jibu la kila mvua

Ndugu mwandishi, ushauri wako wa gambuti kwa ajili ya masika unatufaa nusu tu sisi wa Kimara, Dar es Salaam. Huku ni vilima na mabonde. Mvua ya Aprili ikishuka, maji hayatuami, yanakimbia kwenye njia za udongo kuelekea bonde la Msimbazi. Kwenye tope gambuti haina mpinzani. Lakini maji yakipita shingo yake yanajaa ndani, na mguu unakuwa mzito wakati ule ule unapotakiwa kukimbia.

Ndala ni hatari zaidi. Tope linazing'oa, unabaki peku juu ya vipande vya chupa na misumari ya mabati. Mguu wenye jeraha ukiingia kwenye maji yenye mikojo ya panya, unaweza kupata homa ya mgunda, ile iliyowapata watu mkoani Lindi mwaka 2022.

Mimi natetea raba ya kamba, kuukuu lakini yenye soli ya meno, ikae mlangoni pamoja na tochi usiku wote wa masika. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu wapatao 40 jijini; maji hayasubiri mtu atafute viatu chini ya kitanda. Viatu vya ofisini vibebe mfukoni, uvivae ukishashuka basi la mwendokasi.

Watoto hukuwagusa kabisa. Wanavuka makorongo kwa viatu vyeusi vya shule vyenye soli laini inayoteleza. Walimu wakuu, tafadhali, waruhusuni wavae raba Machi hadi Mei.